Daftari la Mwaka Jana

Nilikuwa natafuta kalamu. Begi la shule la binti yangu lilikuwa wazi juu ya kiti, nikapenyeza mkono, na badala ya kalamu nikatoka na daftari la hisabati. Lilikuwa limechakaa, ncha zimejikunja, na juu ya jalada limeandikwa darasa alilosoma mwaka jana.

Nikadhani amelibeba kwa makosa. Nikalifungua. Kurasa za mbele zilijaa kazi za mwaka jana, na alama za mwalimu za wino mwekundu. Nyuma kabisa, kwenye zile kurasa chache zilizokuwa zimebaki, nikakuta tarehe za wiki ile ile. Aliandika kwa mwandiko mdogo mno, hesabu mbili zimebanana mahali pa hesabu moja, ili nafasi itoshe.

Madaftari mapya yalikuwa kabatini. Manne. Hakuna hata moja lililoandikwa jina.

Nilimuuliza mbona hivi. Alikuwa ameinama anafungua kamba za viatu, hakuinua uso.

"Si tunahama, mama? Nikaona hakuna haja ya kuanza jipya."

Hatukuwa tumemwambia kwamba tunahama.

Hatukuwa hata tumeamua.

## Aliamka kunywa maji

Ofa ya kazi ilikuwa na wiki nne mkononi mwangu. Kazi niliyoisomea, cheo kimoja juu ya nilichonacho, katika mji ambao huwezi kwenda asubuhi ukarudi jioni. Mimi na mume wangu tulikubaliana mapema kwamba watoto wasiambiwe mpaka tuwe na uhakika. Kwa nini tuwatie wasiwasi kwa jambo ambalo huenda lisiwe? Basi tukawa tunazungumza usiku wakishalala, sauti chini, mlango umeegeshwa.

Mwenye miaka 6 alikuwa amelala kweli. Mwenye miaka 12 aliamka usiku mmoja kunywa maji, akasikia maneno mawili: "shule ya huko." Yalimtosha.

Wiki tatu alikaa nayo peke yake. Nilipoketi naye kitandani usiku ule, mengine yakatoka kidogo kidogo. Mwalimu wa kwaya alikuwa amempa ubeti wa kuimba peke yake kwenye sherehe ya kufunga mwaka wa shule. Akakataa, akasingizia koo. Rafiki yake, ambaye wanakaa dawati moja tangu wakiwa na miaka 9, alikuwa amemwalika kwenye siku yake ya kuzaliwa, miezi miwili mbele. Hakumjibu. Na hakumwambia mtu yeyote lolote kwa sababu, kwa maneno yake, "mlikuwa mnaongea kama ni siri."

Hilo ndilo lililonikaa moyoni tangu siku hiyo, na ndilo linaloniandikisha haya. Siku zote nilizokuwa nikijisifu kwamba sina papara, napima, nasubiri picha ikamilike, mwanangu alishafunga mizigo. Alikuwa hayupo hapa na hajafika huko.

Nilidhani kutoamua hakumgharimu mtu chochote.

## Hesabu za usiku

Nikiwa na hofu huwa nasoma. Wiki zile nilisoma mpaka macho yakauma.

Kuna kipimo ambacho Thomas Holmes na Richard Rahe walikitoa mwaka 1967: matukio 43 ya maisha, kila moja na alama zake kwa kadiri linavyomwelemea mtu. Kufiwa na mume au mke ni alama 100. Kuhama nyumba ni 20 tu. Nilipoiona ile 20 nikashusha pumzi. Kisha nikaanza kujumlisha yanayokuja pamoja nayo. Kubadili shule, 20. Majukumu mapya kazini, 29. Mwenzi kuanza au kuacha kazi, 26. Hali ya fedha kubadilika, 38, na alama ni zile zile hata ikibadilika kuwa nzuri. Mazingira ya kuishi, 25. Mambo ya marafiki na jamii, 18. Nikafika 176. Kuhama kwenyewe ni mzigo mdogo. Kinachoelemea ni msafara unaokuja nyuma yake. Na hizo zilikuwa alama za watu wazima. Za binti yangu sikujua niziandike wapi.

Halafu nikafika Denmark. Mwaka 2016 Roger Webb na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wote waliozaliwa nchini humo kati ya 1971 na 1997, zaidi ya milioni 1.4, wakiangalia nani alihamishwa utotoni na maisha yake yakawaje baadaye. Waliohamishwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya matatizo ya akili, uraibu, kujidhuru, hata kufa mapema, na hatari ilipanda zaidi kwa waliohamishwa wakiwa na miaka 12 hadi 14. Haikuwa habari ya maskini peke yao. Familia zenye kipato kizuri zilionyesha mwelekeo ule ule.

Nilisoma hayo saa saba usiku, mtoto wa miaka 12 akiwa amelala upande wa pili wa ukuta.

Ilinichukua siku kadhaa kutulia na kujikumbusha kwamba utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo yanayokwenda pamoja, hauthibitishi lipi limezaa lipi. Familia nyingi huhama kwa sababu ya talaka, msiba au kupoteza kazi, na mtoto wa nyumba hiyo alikwishaumia kabla gari la mizigo halijafika mlangoni. Nilijikumbusha. Lakini ile 12 haikunitoka.

Nikaikuta tena kwa sura nyingine Marekani. Kati ya 1994 na 1998 serikali ya huko iliendesha jaribio lililoitwa Moving to Opportunity katika miji mitano: Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Familia kama 4,600 zilizokuwa kwenye nyumba za serikali, katika maeneo yenye umaskini mkubwa, ziliingia kwenye bahati nasibu, na baadhi zikapata vocha za kupanga nyumba kwenye maeneo yenye nafuu. Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walipowatafuta watoto hao ukubwani, walikuta kwamba waliohama wakiwa chini ya miaka 13 walikuwa na kipato cha juu kwa karibu asilimia 31. Waliohama wakiwa wamevuka umri huo hawakupata faida hiyo. Ukiangalia wastani, walipoteza kidogo.

Binti yangu alikuwa amebakiza miezi saba kutimiza 13.

Tafiti hizi mbili ukizisoma harakaharaka utaona zinapingana. Mimi niliona zinauliza maswali tofauti. Ile ya Denmark inahesabu kung'olewa. Hii ya Marekani inapima unakong'olewa na unakopandwa, na faida yake ilitokana na miaka ambayo mtoto aliishi mahali papya. Wale walikuwa wanatoka kwenye hali ngumu. Sisi hatukimbii kitu. Mtaa ni salama, shule ni nzuri, walimu wanawajua watoto kwa majina.

Kwa hiyo ilinibidi niiandike sentensi hii, nikaifuta, nikaiandika tena: tukihama, tunahama kwa ajili yangu.

Kuna utafiti mwingine ambao ulinisaidia kuliko yote, ingawa haukunifurahisha. Mwaka 2010 Shigehiro Oishi na Ulrich Schimmack waliangalia Wamarekani zaidi ya 7,000 na kukuta kwamba waliohamahama sana utotoni walikuwa na maisha yenye furaha ndogo zaidi ukubwani, lakini hasa wale wapole, wa ndani, wanaochukua muda kuzoea watu. Wachangamfu hawakudhurika kwa namna hiyo. Nikawaona watoto wangu wawili wamesimama pale. Huyu mdogo anapata rafiki kwenye foleni ya maji. Huyu mkubwa ana rafiki mmoja, na ilimchukua mwaka mzima kumpata.

Hapo nikaacha kutafuta jibu la "watoto". Nilikuwa na hawa wawili, na uamuzi ule ule ungemwangukia kila mmoja kivyake.

## "Nitapata tu"

Siku ya kwanza ofa ilipofika, mume wangu alisema, "Usijali, mimi kazi nitapata tu." Nikalipokea neno hilo haraka, kama mtu anayepokea chenji bila kuihesabu.

Mwanauchumi Jacob Mincer aliandika mwaka 1978 kuhusu familia zinazohama, akaonyesha kwamba familia nzima inaweza kupata faida huku mmoja ndani yake akipata hasara. Yupo anayehama kwa kufuata, ambaye angekuwa peke yake asingeondoka. Yupo pia anayebaki kwa kufuata, ambaye angekuwa peke yake angeshaondoka. Mara nyingi anayefuata ni mke. Kwetu angekuwa yeye, na mimi ningekuwa nimemfanyia bila hata kuuliza mara ya pili.

Nikamuuliza mara ya pili. Alikuwa anasuuza vyombo.

"Ungekuwa peke yako, ungehama?"

Alisuuza sahani ile ile mara mbili. "Hapana," akasema. Kisha akaongeza kwamba alisema atapata kwa sababu hakutaka siku moja nimwone kama mtu aliyenizuia. Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanza, mwezi mzima tangu ofa ifike. Ni fundi, wateja wake amewajenga kwa miaka 11, na wateja hawafungwi kwenye boksi. Huko angekuwa yeye wa kukaa nyumbani miezi ya mwanzo, bila kazi, bila mtu anayemjua, akingoja watoto warudi shule. Aliogopa hilo kuliko kukosa fedha. Sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Mama yangu naye nilimpigia simu. Yeye ndiye anayemchukua mdogo shuleni tukichelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, akasema: "Usiache mbachao kwa msala upitao." Hakusema kwamba tunamwacha. Alisema methali, kisha akauliza kama mtoto amepona mafua.

## Kura

Baada ya usiku wa daftari, wazo langu la kwanza lilikuwa tuketi wanne, kila mmoja aseme, tupige kura. Niliona ndiyo heshima. Nimewaficha, basi sasa niwape sauti. Nilipomweleza binti yangu, aliniuliza:

"Nikisema hapana, utaikataa?"

Sikuwa na jibu. Nikisema ndiyo, nimemtwika mtoto wa miaka 12 kazi yangu, na kila jioni nitakayorudi nimechoka na nimenuna atahesabu kwamba ni yeye. Nikisema hapana, basi kura ni uongo, na alikwishaonja uongo wetu mmoja.

Nikamwambia kuamua ni kazi yangu na baba yake, na tukikosea, tumekosea sisi. Kazi yake yeye ni kutuambia ukweli hata ule utakaotuuma, na sisi tutamwambia tunachokijua na tusichokijua siku hiyo hiyo. Na nikamtajia siku: Ijumaa ya wiki ya tatu kuanzia hapo atapata jibu, liwe lolote.

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni."

Akaiandika. Usiku ule alilala kabla yangu, na hilo halikuwa limetokea kwa muda.

Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma pia jaribio la Steven Levitt, lililochapishwa 2021, ambapo watu waliokwama kwenye uamuzi mkubwa walirusha sarafu mtandaoni, zaidi ya mara 20,000. Miezi sita baadaye, walioangukiwa na upande wa kubadilisha maisha walikuwa na furaha zaidi kuliko walioangukiwa na upande wa kubaki. Kwa siku mbili hivi jambo hilo lilinipa ujasiri. Kisha nikafikiri: walioulizwa walikuwa wale waliorusha sarafu. Watoto wao hawakurusha kitu.

## Jana ulitoka kazini saa ngapi?

Kilichogeuza mizani hakikuwa mshahara. Kwa wiki nne nilikuwa naweka alama kwenye kalenda kila siku ninayofika nyumbani kabla mdogo hajalala. Siku za kazi ishirini, alama tisa. Mtoto alikuwa ameacha kuuliza kama nitakuja kumsomea; alikuwa anamletea baba yake kitabu moja kwa moja.

Kazi mpya iliahidi saa za kawaida, na ahadi kila tangazo la kazi linazo. Nikamtafuta mtu aliyeko kwenye idara ile ile, nikampigia. Sikumuuliza kama ni pazuri. Nilimuuliza jana alitoka saa ngapi. Saa kumi na moja na nusu. Juzi? Vivyo hivyo. Lini mara ya mwisho alipigiwa simu ya kazi Jumapili? Akafikiri kwa muda mrefu, na huo muda wa kufikiri ndio niliouamini. Akaniambia pia kwamba mwisho wa mwezi huchelewa, siku tatu nne. Hilo lilinifanya niamini mengine.

Ndipo nikarudi kwa mwajiri na mambo matatu, kabla ya sahihi, kwa sababu baada ya sahihi huna cha kushikilia. Tarehe ya kuanza. Gharama za kuhamisha vitu na nyumba ya wiki za mwanzo. Na jambo ambalo watu wengi hulisahau: wakivunja mkataba ndani ya mwaka wa kwanza, nani analipa kuturudisha? La pili walikubali papo hapo. La tatu walilikwepa mara mbili, nikalirudia, wakaliandika kwa miezi 12. La kwanza walinipa nusu: wangeningoja wiki sita. Mwaka wa shule ulikuwa umebakiza 14.

Tulikwenda kupaona pia, wote wanne, siku mbili za katikati ya wiki. Asubuhi tulitembea kutoka mtaa tuliokuwa tunaufikiria mpaka shuleni, saa ile ile ambayo watoto wengine walikuwa wanakwenda, ili tuone barabara ikiwa na magari. Mdogo aliimba njia nzima. Mkubwa alichungulia darasa moja kupitia dirishani, akasimama kidogo, akaja. Njia nzima ya kurudi alisema sentensi moja tu.

"Madawati yao ni ya mtu mmoja mmoja."

## Ijumaa

Saa kumi na mbili jioni tukawaambia. Tunahama, mwaka wa shule ukiisha, si kabla. Mimi nitatangulia wiki nane, nitarudi kila Ijumaa. Naliona lililo wazi hapo: nimechagua kazi hii ili nipate jioni za watoto wangu, na ninaanza kwa kuzikosa wiki nane. Sina namna ya kuipamba. Tuliona ni bora wazikose jioni zangu kuliko yeye akatwe katikati ya mwaka, kabla ya mitihani, kabla ya kuaga.

Mdogo aliuliza kama kitanda chake kinakuja. Kinakuja. Akaenda kucheza.

Mkubwa aliingia chumbani, akafunga mlango, na hakuzungumza nami mpaka Jumapili. Nilisimama nje ya mlango ule na sentensi moja mdomoni, ile ambayo kila mtu hupewa, "utapata marafiki wapya", nikaimeza. Ukimwambia mtoto hivyo, unamwambia kwamba huyu aliyenaye ni kiti, akitoka mmoja anakaa mwingine.

Uamuzi wenyewe bado nautilia shaka. Atatimiza miaka 13 miezi michache baada ya kufika. Nimesoma nilichosoma, na kuna usiku naamka nikiwa na hakika kwamba nimefanya kosa. Asubuhi hakika hiyo hupungua. Haiishi.

## Maswali kumi na moja

Jumapili jioni alikuja jikoni na lile daftari la mwaka jana. Ukurasa wa mwisho kabisa, uliokuwa mtupu, sasa ulikuwa na maswali yaliyopangwa kwa namba. Kumi na moja. Akakaa, akashika kalamu kama karani, akaniambia nijibu moja baada ya jingine, ndiyo, hapana, au sijui.

Chumba changu kitakuwa na mlango? Ndiyo. Rafiki yangu anaweza kuja kukaa wiki nzima likizo? Ndiyo, nimeshazungumza na mama yake. Bibi atahamia kwetu? Hapana. Nani atamchukua mdogo shule baba akipata kazi? Sijui. Ipo kwaya? Ipo, lakini sijui kama wanachukua mtu katikati.

Swali la kwanza alikuwa ameliruka, akalirudia mwisho. *Nikichukia kabisa, tutarudi?*

Nilimwambia siwezi kumwahidi hivyo. Ninachoweza kumwahidi ni kwamba mwaka wa kwanza wa shule ukiisha tutaketi tena wanne, na suala la kurudi litakuwa mezani, kwa kweli, pamoja na mengine. Aliandika "sijui". Akauliza tarehe. Nikafungua kalenda ya simu, nikamtajia. Akaiandika chini ya "sijui", akaipigia mstari.

Kisha akauliza, bila kuandika, kama ule ubeti wa kwaya labda ulikuwa bado haujapewa mtu.

Nikamwambia kesho asubuhi nitapita kumwona mwalimu. Akasema hapana, atamwona mwenyewe, ila nimsindikize mpaka getini.

Tunatoka saa moja kasoro robo.